Mechi Iliyolala Kwenye Faili la Usalama

Sitataja jina la mtu hapa. Si kwa kuogopa, ingawa kuogopa kupo pia, sikatai. Ni kwa sababu Garissa imekua, ina lami na majumba, lakini masikio yake bado yako karibu karibu, na kila nitakayemsema ama yuko hai ama ana watoto walio hai. Jina langu pia naliacha. Watu huniita kipa, na nimeitwa hivyo kwa miaka mingi kuliko miaka niliyosimama golini.

Binti wa chuo kikuu alikuja kwangu asubuhi, kabla jua halijakasirika. Ni mtu wa milimani, kule kwenye baridi na majani ya chai, na kwa hiyo tuliongea Kiswahili, yeye kile cha kitabu na mimi kile nilichookota nikiuza maji kwa mkokoteni wa punda kwenye nyumba za walimu na kambi ya polisi. Mke wangu alipomwona na karatasi mkononi alidhani ni wale wa kuandikisha wazee kwa pesa za serikali. Akakimbia ndani akatoa kitambulisho changu, na chake, na cha dada yake ambaye anaishi Hadado na hata hakuwa mjini. Ilibidi binti amweleze mara tatu kwamba hana pesa, yeye ni mwanahistoria, anauliza habari za mpira na siasa.

"Mpira na siasa," mke wangu alisema. "Basi umekuja kwa mwenye hasara ya vyote viwili." Akarudi jikoni na vitambulisho vyake.

Mimi nilicheka. Nilimwambia binti kwamba historia ninayoijua ni ya mitume na wafalme, na ya nasaba, baba wa baba wa baba, ambayo nilikariri nikiwa mdogo kabla sijajua kufunga kamba ya ngamia. Mpira ni jasho tu. Ukiisha unaoga, kama maji yapo.

Hakukasirika. Alinieleza kazi yao, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Alisema zamani walioandika historia hawakuutazama mpira kabisa, waliuona jambo la watoto. Kisha wakaja wengine wakautazama, lakini wakatazama juu: rais anakabidhi kombe, mkoloni anapeleka mpira shuleni ili vijana wachoke wasiwaze mambo mengine, nchi inasusia mashindano kwa kuwa imeichukia nchi nyingine. Sasa wapo watu kama yeye wanaotaka kutazama chini, kwa aliyecheza, aliyefua jezi, aliyeuza chai pembeni, aliyekula rungu.

"Karatasi za serikali zina mdomo mmoja, mzee wangu," alisema. "Natafuta midomo mingine."

Nikamwambia mdomo ninao, yaliyopungua ni meno.

Akaweka kimashine chake cha kunasa sauti kwenye mkeka, kidogo kama kibiriti, na nikaanza. Mwanzoni sikumwambia habari ya mechi ile. Nilimzungusha. Nilimweleza jinsi ya kuchora mistari ya uwanja kwa majivu wakati hakuna chokaa, na kwamba upepo wa saa tisa ukija unachukua mistari yote, refa anabaki kuamua kwa dhamiri. Nilimweleza magoti yangu. Nilimweleza ngamia mmoja wa mjomba wangu aliyependa kulala katikati ya uwanja, ambaye hakuna aliyethubutu kumpiga kwa sababu ya ubaya wa mjomba huyo. Aliandika yote, hata ya ngamia.

Kilichomfanya anyanyue kichwa ni kitu nilichosema kwa kupitia tu. Nilisema miaka ile ya sheria ya hatari, watu wachache wakikaa pamoja walikuwa wanaulizwa kibali, lakini mechi ilikuwa na ruhusa. Basi wazee waliokuwa na shauri lao walikuja mpirani. Walisimama nyuma ya goli langu na kuongea mambo ya visima, malisho na waliokamatwa, macho kwenye mpira na midomo haitembei sana. Mara nyingine walipiga makofi mpira ukiwa umetoka nje. Mimi kipa nilisikia yote. Nilifungwa magoli mengi kwa kusikiliza.

Binti aliacha kalamu. Akaniambia katika makavazi, ile nyumba kubwa ya karatasi kuukuu za serikali, amepekua mafaili ya michezo ya huku kwetu na hakukuta kitu ila hesabu ya mipira na nyavu. Kila kilichohusu watu kilikuwa kwenye mafaili ya usalama. "Mtu akisoma faili la michezo peke yake," alisema, "atadhani nyinyi hamkuwahi hata kupiga kelele."

Kisha akasema, bila kunitazama usoni, kwamba katika faili moja la usalama amekuta mechi moja. Na kipa yumo.

Hapo nikajua hakuja kwangu kwa bahati.

Sasa ni lazima nieleze, na mnivumilie, maana jambo hili kwetu halisemwi. Nyama yake ilishaliwa. Kwetu watu wakigombana, wazee wakaamua, fahali akachinjwa na pande zote mbili zikala sahani moja, jambo hilo limekwisha. Anayelifufua anakuwa kama anayewaambia watu watapike. Mimi nimekaa kimya tangu vyama vingi vilipoingia, na sasa naandika. Mtanihukumu mtakavyo.

Tulikuwa timu moja hapa mjini, mchanganyiko, wa ukoo huu na ule, na Mpemba mmoja aliyekuwa na duka la kamba akicheza pembeni kulia. Nilikuwa nishapita umri, kipa mzee mwenye watoto wanne. Beki wangu alikuwa rafiki yangu, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na teke refu. Uchaguzi ukakaribia. Mheshimiwa mmoja aliyetaka kiti akaleta kombe linalong'aa na jezi za rangi mbili. Lakini kombe lilikuja na sharti. Kila upande wa mji ulete timu yake. Na pande za mji wetu kila mtu anajua ni pande za nani. Basi timu yetu moja ikakatwa mbili kwa kuuliza baba yako ni nani, kama watu wanaopanga zamu ya kunywesha kisimani. Mimi na beki wangu tukaangukia upande mmoja. Upande wa pili walikuwa watu wa mama yangu, wajomba zangu wa damu na watoto wao.

Mheshimiwa alikuwa amewapa vijana wake filimbi za kampeni. Gari likipita, filimbi. Akisimama kuhutubia, filimbi. Siku ya mechi filimbi zilikuwa kila mahali na hakuna aliyefikiri kuwa uwanjani kuna mtu mwingine mwenye filimbi.

Dakika za mwisho, hakuna goli. Mpira wa juu ukaja, nikaudaka. Naapa kwa Mungu niliudaka, ulikuwa kifuani pangu. Nikasikia filimbi. Nikafikiri refa ameona kosa. Nikauweka mpira chini, nikageuka kuokota kofia yangu iliyokuwa imeanguka. Kijana wa upande wa pili akautia wavuni.

Refa alikuwa mwalimu wa bara. Alitazama jukwaani alikokaa mheshimiwa, akatazama polisi, akaonyesha katikati. Goli.

Yaliyofuata ni mawe. Watu walikimbilia jukwaa la mbao na jukwaa likaanguka, na aliyekuwa chini yake, akikwepa mawe, ni beki wangu. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Haujawahi kunyooka.

Wazee walikaa siku tatu katika ofisi ya chifu. Disii, yule mkuu wa wilaya, alitaka karatasi mkononi kabla ya uchaguzi. Mimi niliitwa, nikaeleza filimbi, na mzee mmoja akacheka, si kwa ubaya. Sasa ninaelewa hesabu yao. Wakisema filimbi, wamemlaumu mheshimiwa. Wakisema refa, wamemlaumu mwalimu wa serikali. Wakisema wajomba zangu, damu itamwagika hadi malishoni, mpaka Hulugho huko. Aliyebaki ni mimi. Baba yangu mdogo alinitoa nje, kwenye kivuli cha bati, akaniambia kosa la mtu mmoja lina mwisho, kosa la ukoo halina. Akasema kidole changu si changu peke yangu. Nikarudi ndani, nikachovya kidole kwenye wino, nikabandika. Sikujua kusoma. Niliambiwa karatasi inasema tumepatana.

Fahali akachinjwa. Beki wangu aliletwa kutoka hospitali juu ya kitanda cha kamba, mguu umefungwa kwa plasta. Alikula tonge la kwanza kutoka mkononi mwangu, mbele ya watu wote, akasema amesamehe. Kuna watu walilia. Imamu akamtaja kwenye hotuba ya Ijumaa, na tangu hapo akawa mtu wa kutajwa. Vijana wakigombana wanapelekwa kwenye kibaraza chake. Mke na mume wakivurugana, kwake. Anazungusha cherehani kwa mkono, maana mguu haukanyagi pedali, na watu wanakaa mbele yake wanaona aibu kuendelea na ugomvi. Ameozesha watu, amerudisha ngamia walioibwa, wote kwa ule msamaha. Na mimi nimekunywa chai naye baada ya alasiri karibu kila siku. Sikuwahi kumwambia filimbi. Nyama ilishaliwa.

Kidole kile kilinipeleka shuleni, hilo nalo niseme. Niliona aibu ya kubandika kitu nisichokijua, nikaingia gumbaru, darasa la watu wazima, nikakaa na akina mama waliokuwa wananishinda kwa kila kitu. Miaka miwili nikaweza kusoma magazeti ya kufungia nyama.

Kwa hiyo binti aliponiuliza kama anisomee ile karatasi, nilisema nitasoma mwenyewe. Alikuwa ameipiga picha kwa simu. Nikaweka kidole chini ya maneno kama tulivyofundishwa, na kila nikigusa maneno yalikimbia, yanakuwa makubwa, yanapotea. Binti akashika simu mbali kidogo nami nikasoma kwa macho tu. Ilichukua muda. Mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu, yeye hajui kusoma, akasubiri.

Iliandikwa kwamba kipa amekiri mbele ya wazee kuwa aliuacha mpira upite kwa hiari yake, kwa kuvutwa na upande wa mama yake.

Nilisoma tena ile ya mwisho. Upande wa mama yake.

Ya hiari niliitarajia. Ile ya mama sikuitarajia. Mama yangu aliolewa akiwa msichana kutoka kwa watu wake akaja kwa watu wa baba yangu, akakaa nao maisha yake yote, na baada ya mechi ile kuna wanawake waliomwambia kisimani kwamba maziwa yake yamewafunga goli. Alikufa miaka minne baadaye. Wakati ule nilifikiri ni maneno ya wanawake tu, upepo. Kumbe yalitoka kwenye karatasi, na chini yake kipo kidole changu, cheusi, mistari yote inaonekana. Nilikuwa nimetoa ushahidi dhidi ya mama yangu na sikujua.

Mke wangu aliuliza imeandikwa nini. Nikamwambia imeandikwa tulipatana.

Nikamwomba binti asiliandike hilo kitabuni mwake. Au akiliandika, aseme si kweli. Nilimwomba kama mtoto, sijui kama niliwahi kumwomba mtu hivyo.

Yeye alikuwa na huruma, nilimwona. Lakini kazi yao ina sheria zake. Alisema hawezi kuandika kuwa sikufanya. Anaweza kuandika kuwa mimi nasema sikufanya. Nikamuuliza tofauti ni ipi. Akasema tofauti ni kubwa.

"Tatizo ni hili, mzee," alisema. "Karatasi inasema ulikiri. Na juzi nilikaa na fundi cherehani. Naye anasema ulikiri, na kwamba alikusamehe. Ni vyanzo viwili vinakubaliana."

"Vimenyonya ziwa moja," nikamwambia. "Fundi alikuwa hospitali. Alichojua alikijua kutoka kwa karatasi hiyo hiyo."

Aliliandika hilo, kisha akapiga mstari chini yake. Akasema niko sahihi, wanafunzi wake wengi huchukua mwaka mzima kulielewa jambo hilo. Nilifurahi kama mjinga. Nilidhani nimeshinda. Lakini akasema hilo linaipunguzia karatasi nguvu, haliniongezei mimi. Nahitaji mtu mwingine aliyesikia filimbi ile, wakati ule, mpira ukiwa mikononi mwangu.

Basi nikaanza kutafuta. Refa alihamishwa na baadaye nikasikia amefariki huko kwao. Mpemba wa duka la kamba alirudi pwani. Winga wetu wa kushoto ana duka Takaba. Nikapata namba yake kwa jamaa wa basi, nikampigia mbele ya binti, sauti ikawekwa juu ili mashine isikie. Alifurahi sana. Aliniuliza watoto wote mmoja mmoja, na mifugo, na mvua. Kuhusu mechi, alisema anaikumbuka kama jana. Alisema filimbi hakusikia, ila anakumbuka mvua kubwa ilivyonyesha kipindi cha pili mpaka tukacheza kwenye matope. Siku hiyo haikunyesha hata tone. Mwaka ule wote haikunyesha, ng'ombe walikufa. Nikamwambia, akasema, "Wewe kipa umezeeka, unasahau."

Binti alizima mashine akacheka, nami nikacheka. Akaniambia ndivyo ilivyo kumbukumbu, mtu anaongeza mvua mahali anapoihitaji. Nilitaka kumuuliza na mimi je, mimi nimeongeza nini. Sikumuuliza.

Akabaki mtu mmoja. Aliyekuwa karibu nami kuliko wote siku ile, hatua tatu nne, ni beki wangu.

Nilienda kwake siku mbili bila kusema. Siku ya tatu, baada ya alasiri, tulikuwa kwenye kibaraza chake na alikuwa anashona sare za shule za kijani. Tuliongea Kisomali, naandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Kipa," alisema, "chai yako inapoa, halafu utasema mke wangu amebana sukari."

Nikamwambia nina neno kuhusu siku ile. Alinitazama kama mtu anayetazama nyoka akiingia nyumbani kwa jirani. Akaniambia neno hilo lilishaliwa. Nikasema najua. Nikasema hata hivyo.

"Mpira nilikuwa nimeudaka," nikasema.

"Kila mtu anajua ulikuwa umeudaka. Ndiyo maana ulihitaji msamaha mkubwa. Ungekuwa umeshindwa tu kudaka tungekusamehe kwa sigara."

Nikamweleza filimbi. Yote, tangu mwanzo hadi kidole, hadi mama yangu. Alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani, akaliacha. Sindano ilibaki imeingia katikati ya kitambaa.

"Kwa nini uliweka kidole?"

"Wazee walisema."

"Na mimi wazee walisema nisamehe," alisema. "Nikasamehe. Sikusamehe mdomoni, walahi. Nilikaa kitandani hospitali nikikuchukia mpaka meno yanauma, kisha nikakutoa moyoni kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miiba. Ilinichukua kazi. Hakuna kazi nimewahi kufanya kubwa kuliko hiyo. Sasa unakaa hapa na chai yangu mkononi unaniambia nilimsamehe mtu asiyenikosea. Msamaha wangu niupeleke wapi?"

Nilitazama sare za kijani. Nilikuwa nimefikiria mama yangu, na kitabu, na jina langu, sikuwa nimefikiria kwamba yeye naye amejenga nyumba juu ya kosa langu na watu wengi wanaishi humo.

Lakini mtu akishaanza kubomoa, huendelea. Nikamuuliza kama alisikia filimbi.

Mwanamke mmoja alikuja kuuliza sare ya binti yake, akajibiwa kesho, akaenda.

"Mimi nilisimama," alisema mwishoni. "Ulipouweka chini, nilikuwa karibu kuliko yule kijana. Ningeupiga teke mpaka mtoni. Nilisimama. Miaka yote nimejiambia nilisimama kwa kushangaa ulichofanya."

"Labda ulisikia."

"Sijasema nilisikia. Nimesema nilisimama. Usiniulize tena leo."

Sikumuuliza tena. Chai tuliendelea kunywa, lakini mazungumzo yalipungua, tukawa tunaongea bei ya mbuzi. Nilianza kusikia kwa watu kwamba fundi anauliza. Alimuuliza mzee wa buchari ya nyama. Alimuuliza muuza maziwa ambaye siku ile alikuwa mtoto mgongoni. Anakwenda na fimbo yake mpaka soko la mifugo, yeye ambaye watu humfuata, sasa anafuata watu, akiuliza walisimama wapi na walisikia nini. Mmoja alimwambia filimbi zilikuwa mia. Mwingine alimwambia hakuna filimbi iliyoruhusiwa karibu na uwanja, polisi walizichukua zote langoni. Mwingine tena alimwambia mechi ile tulishinda. Ni kazi ile ile ya binti, ila yeye binti ana mashine, na ana mshahara, na jioni anarudi hotelini. Rafiki yangu alikuwa anarudi na mguu wake.

Nilitamani kumwambia aache. Lakini ningemwambia aache nini? Ni mimi niliyemtuma.

Binti alikuja mara ya mwisho kabla ya kwenda kuandika. Akaomba tukae sote watatu, pale kibarazani, maana alisema waliosimama pamoja wakikaa pamoja wakati mwingine hukumbushana. Fundi alimkaribisha vizuri, akamwagizia soda baridi, akamtania kwamba wasichana wa bara wakikaa Garissa wiki tatu wanaanza kutembea polepole kama sisi. Binti akacheka. Akaweka mashine kwenye meza ya kukatia nguo, taa nyekundu ikawaka.

Akamuuliza fundi kama kuna chochote anataka kubadilisha katika aliyoyasema.

Nilimtazama rafiki yangu. Mbele ya duka walikuwa wamekaa vijana wawili, mtu na nduguye, wamegombea shamba kando ya mto, wameletwa na mama yao. Walikuwa wanasubiri zamu yao ya kupatanishwa. Walikuwa wanatusikia.

"Hapana," fundi alisema. "Andika nilivyokwambia. Mtu alinikosea, nikamsamehe, na Mungu akanibariki kwa hilo."

Vijana wale wakainamisha vichwa. Mama yao aliwatazama kama anayesema, mmesikia.

Binti akanigeukia. Alikuwa anajua, binadamu huyu, sauti yake ilikuwa laini mno. "Na wewe, mzee wangu? Una la kuongeza?"

Nilimkumbuka mama yangu. Nilimwona jinsi alivyokuwa akifunga mtungi, haraka haraka, kwa meno na mkono mmoja. Nikitoa neno, wale vijana wawili wataondoka na ugomvi wao, na yule aliyekaa nyuma ya cherehani hatakuwa na kazi tena ila kuuliza watu walisimama wapi. Nikinyamaza, karatasi inabaki na mdomo wake mmoja.

"Sina," nikasema.

Taa nyekundu ikazimika. Alitushukuru, akatupa mkono, akasema atatuma kitabu kikitoka, na kwamba yale niliyomwambia peke yangu nyumbani yatakuwemo pia, kama maneno ya mtu mmoja, kando ya karatasi. Wasomaji watapima. Nilimuuliza watapima kwa mizani gani. Akasema basi lake linaondoka saa nane.

Fundi aliwaita wale vijana, akawasikiliza, akawaambia maneno yake yale yale ya siku zote, na walipeana mikono. Mama yao alimbusu mkono. Walipoondoka kibaraza kikawa kitupu. Alivuta kitambaa cha kijani, akakiweka chini ya sindano, hakuzungusha.

"Ilikuwa filimbi ya namna gani?" aliniuliza, kwa chini, bila kuniangalia. "Nyembamba, kama ya refa? Au ile nene yenye punje ndani? Niigizie nisikie. Nikisikia nitajua kama ndiyo iliyonisimamisha."

Nikafungua mdomo nimwigizie. Nimeisimulia filimbi ile kichwani kila siku ya maisha yangu, nimeiapia kwa Mungu, nimemwambia binti wa watu, nimeitafuta mpaka Takaba. Nikavuta pumzi. Alikuwa amenielekezea sikio, macho yamefumbwa.

Haikuja. Lilikuja neno filimbi, lakini sauti yake haikuja, wala nyembamba wala nene. Nikajaribu tena, na yeye akiendelea kungoja.